Tafakari ya Juma: Kugusa, Kuinuka na Kutazama Nyuma



Ndugu wapendwa, katika Dominika ya juma la kwanza la Sala ya Kanisa, sisi mapadre, watawa na walei wanaosali Masifu ya Asubuhi hupokea midomoni mwetu utenzi wa vijana watatu waliotupwa katika tanuru la moto, kama unavyosimuliwa katika kitabu cha Danieli. Humo viumbe vyote vinaalikwa kumsifu Bwana, na miongoni mwao zimo theluji na barafu. Wengi wetu tunaimba juu ya jambo tusilolijua. Barafu yetu ni ile ya kwenye jokofu, au ile iliyobaki kileleni Kibo, ambayo huitazama kwa mbali mtu aliye safarini, na ambayo inapungua mwaka hata mwaka. Hatujawahi kuona ziwa zima likigeuka kuwa sakafu.

Yapo mataifa ambako kwa miezi mingi mambo ndivyo yalivyo. Huko Alaska na kaskazini mwa Kanada maji huganda yakawa magumu kama jiwe, sawasawa na vile Mungu anavyomkumbusha Ayubu katika ile hotuba ya kutoka katika upepo wa kisulisuli. Juu ya maji hayo yaliyoganda watu hutembea, huendesha magari, na hata hutua kwa ndege. Kwa kuwa magurudumu huzama katika theluji nene, ndege ndogo huvalishwa skii, yaani vipande virefu na bapa vya mbao au madini, vilivyopinda juu upande wa mbele. Skii hutandaza uzito wa ndege juu ya eneo kubwa, ili iteleze badala ya kuzama.

Padre mmoja tuliyesoma naye seminari kuu anahudumu siku hizi kaskazini mwa Kanada. Baadhi ya vigango vyake havifikiwi kwa barabara, na wakati wa baridi husafirishwa kwa ndege ndogo yenye skii. Katika barua yake moja alinieleza jinsi rubani anavyotua juu ya ziwa. Nikavutiwa, nikaanza kusoma juu ya jambo hilo kila nilipopata nafasi. Leo nawashirikisha niliyoyapata, kwa sababu ndani yake nimeona mwanga juu ya swali ambalo waamini huniletea ofisini karibu kila juma: “Baba, nitajuaje kwamba hapa ninapotaka kuweka mguu ni imara?”

Kwa nini watue huko?

Mtu aweza kuuliza: kama kuna hatari, kwa nini wasikae nyumbani? Jibu ni lile lile ambalo kila mmisionari analijua: kwa sababu ng’ambo ya pili kuna mtu anayengoja.

Tarehe 21 Februari 1924 rubani Carl Ben Eielson alipeleka barua kwa ndege yenye skii kutoka Fairbanks hadi McGrath huko Alaska, mwendo wa takribani kilomita 450. Safari hiyo kwa sleji za kukokotwa na mbwa ilichukua zaidi ya majuma mawili. Yeye aliimaliza kwa muda usiofika saa tatu. Aliporudi Fairbanks giza lilikuwa limekwisha kuingia. Wenyeji walimwashia moto ili auone uwanja, lakini ndege iliharibika katika kutua, ingawa yeye alisalimika. Miaka mitano baadaye, mwaka 1929, Eielson na fundi wake Earl Borland walikufa ndege yao ilipoanguka katika dhoruba huko Siberia, walipokuwa wakienda kuwahudumia watu wa meli iliyonaswa na barafu.

Kanisa nalo lililipa gharama yake. Tarehe 12 Oktoba 1930, huko Kotzebue, ndege ya misheni ya Wajesuiti ilianguka. Walikufa Padre Philip Delon, aliyekuwa mkuu wa misheni za Alaska, Padre William Walsh, na rubani Ralph Wien. Ndege ilikuwa imepatikana mwaka ule ule, ili mapadre wafike upesi mahali walikokuwa wakifika kwa majuma ya safari.

Yuko pia Padre Paul Schulte, Mjerumani wa Shirika la Waoblate wa Maria Imakulata. Habari yake inatugusa sisi Waafrika moja kwa moja. Rafiki yake, Padre Otto Fuhrmann, alikufa kwa ugonjwa katika nchi tunayoiita leo Namibia, kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kumfikisha upesi kwenye matibabu. Kifo hicho ndicho kilichomsukuma Padre Schulte kuanzisha MIVA mwaka 1927, chama ambacho kazi yake imeendelea hadi leo katika kuzipatia misheni magari, pikipiki na vyombo vingine vya usafiri. Mwaka 1938 yeye mwenyewe aliruka hadi Arctic Bay, mbali kabisa kaskazini mwa Kanada, kumchukua padre mwenzake aliyekuwa mgonjwa mahututi. Kwa hiyo tusizungumze juu ya marubani hawa kana kwamba ni watu wanaotafuta michezo. Wengi wao walibeba barua, dawa, wagonjwa na Sakramenti.

Uso mweupe usiosema

Hatari ya kwanza ni kwamba skii hazina breki. Ndege ikishagusa barafu tupu, huteleza mpaka msuguano, upepo au mteremko uisimamishe. Rubani wa gurudumu aweza kubadili nia katikati ya uwanja. Rubani wa skii yampasa awe ameamua kabla.

Hatari ya pili ni mwanga wenyewe. Sisi tunadhani adui wa macho ni giza, lakini huko adui aweza kuwa weupe. Mawingu yakitanda juu ya theluji, mwanga hutawanyika sawasawa pande zote, hakuna kivuli, na mbingu hushikana na nchi hata upeo wa macho hupotea. Hewa yaweza kuwa safi kabisa, na bado rubani asijue kama theluji iko mita tano au mita hamsini chini yake. Tarehe 28 Novemba 1979 ndege kubwa ya abiria kutoka New Zealand iligonga mteremko wa mlima Erebus, Antaktika, wakafa watu wote 257. Njia iliyowekwa katika kompyuta ya ndege ilikuwa imebadilishwa bila marubani kuarifiwa; na uchunguzi ulioongozwa na Jaji Peter Mahon ulieleza kwamba katika weupe ule macho yao yaliona uwanda tambarare mahali palipokuwa na mlima. Ndege ile haikuwa ya skii wala haikuwa ikitua, lakini weupe uliowadanganya ndio ule ule anaopambana nao rubani wa ndege ndogo kila anaposhuka.

Ndiyo maana marubani wa milimani walizoea kuchukua matawi ya miti jamii ya msonobari na kuyadondosha juu ya theluji kabla ya kutua. Matawi yale meusi juu ya weupe hulipa jicho kitu cha kushika, na ghafla rubani hujua nchi iko wapi.

Hatari ya tatu ndiyo iliyonifikirisha zaidi, nayo ni maji yaliyofichika. Theluji ni blanketi. Ikilala nene juu ya ziwa, huzuia baridi isifike chini, na barafu iliyo chini yake hukua polepole. Tena theluji ina uzito: huikandamiza barafu, barafu hupata nyufa, na maji hupanda kupitia nyufa hizo yakaenea juu ya barafu, chini ya theluji. Hapo hukaa bila kuganda hata kama hewa ni baridi kali, kwa kuwa blanketi liko juu yake. Kwa nje ziwa ni jeupe, zuri na tulivu. Ndege ikitua na kusimama, huzama katika rojo la maji na theluji. Na rojo hilo likipigwa na hewa huanza kuganda, likaishika skii kama saruji.

Hatari ya nne inafanana na hiyo, ila haihitaji maji. Skii ikiteleza hupata joto kidogo na kuyeyusha tabaka jembamba la theluji. Ikisimama, tabaka hilo huganda tena na kuigandisha skii papo hapo. Tarehe 31 Oktoba 1956 Wamarekani walitua kwa ndege kwenye Ncha ya Kusini, wa kwanza kufanya hivyo, wakiongozwa na Admirali George Dufek. Baridi ilikuwa kama nyuzi 50 za Selsiasi chini ya sifuri. Walikaa dakika 49 tu. Walipotaka kuondoka, injini zilinguruma na ndege haikujongea. Iliwabidi wawashe roketi ndogo 15 zilizofungwa ubavuni ndipo ikanasuka. Ndege hiyo ilikuwa imepewa jina la Que Sera Sera, yaani litakalokuwa na liwe. Waliotoka salama walitoka kwa sababu kuna mtu aliyefunga roketi mapema, hakuliachia jambo liwe litakavyokuwa.

Na milimani kuna hatari ya tano. Barafuto, yaani mto wa barafu unaoshuka polepole kati ya vilele, hupasuka na kuwa na mianya yenye kina kirefu. Theluji mpya huweka daraja jembamba juu ya mianya hiyo, na anayeitazama toka juu huona uwanja usio na doa.

Mtaona, ndugu zangu, kwamba hatari hizi zina mzizi mmoja. Uso ni mmoja, mweupe, popote utazamapo. Lakini kilicho chini si kimoja. Hapa barafu ya mita nzima, pale maji, kule shimo. Uzuri wa uso hauna habari yoyote ya kukupa.

Alama nyuma ya ndege

Basi rubani hufanyaje? Hapa ndipo barua ya padre mwenzangu iliponikamata.

Rubani mwenye busara hatui mara moja. Kwanza huzunguka juu, akitazama upepo, vivuli, na alama za wanyama au za watu. Kisha hushuka na kugusisha skii juu ya theluji, lakini hapunguzi mwendo hata kusimama: injini inaendelea kuvuta, mabawa yanaendelea kubeba sehemu kubwa ya uzito. Huburuta skii umbali fulani, akachora mistari miwili mirefu, kisha huinuka tena. Huzunguka, akarudi juu ya mahali pale pale na kutazama mistari aliyoichora. Ikiwa imebaki myeupe, hiyo ni dalili njema. Ikiwa inageuka kijivu, au nyeusi, ni maji yanayopanda kutoka chini. Naye huondoka, hata kama uwanja unapendeza na abiria wamechoka. Alama zikiwa kavu, hurudi kugusa tena katika mistari ile ile ili kuishindilia theluji, ndipo hutua.

Akishatua, haachi mambo hapo. Hugeuza ndege ielekee alikotoka, wakati bado inateleza, ili njia iliyoshindiliwa iwe mbele yake siku ya kuondoka. Akitaka kulala hapo, huweka magogo au matawi chini ya skii zisigandie. Kwa maneno mengine, anapoingia tayari anafikiri atakavyotoka.

Angalieni jambo moja. Wakati skii zinagusa theluji, rubani hawezi kujua. Wakati ule anasikia mtikisiko tu. Ukweli hujitokeza dakika chache baadaye, nyuma yake, katika alama.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola hakuwahi kuona ndege, lakini jambo hili alilijua. Mwezi wa Mei mwaka 1521, akiwa askari, alivunjwa mguu kwa risasi ya mzinga huko Pamplona. Alipokuwa kitandani akiuguza jeraha, aliwaza mambo ya namna mbili. Mara nyingine aliota juu ya sifa za kijeshi na huduma kwa bibi mmoja wa heshima. Mara nyingine alisoma juu ya Kristo na watakatifu, akawaza kuwaiga. Mawazo yote mawili yalimfurahisha alipokuwa ndani yake. Kwa uso yalilingana. Tofauti aliiona baadaye: yale ya kwanza yalipopita, yalimwacha mkavu na asiyeridhika; yale ya pili yalimwacha na furaha iliyodumu. Inyasi alitazama nyuma, akaona alama moja inageuka nyeusi na nyingine imebaki nyeupe. Hapo ndipo ulipozaliwa ule ufundi wa kupambanua roho aliolirithisha Kanisa katika Mazoezi ya Kiroho, na pia desturi ya kutafiti dhamiri jioni, ambayo si kingine ila kuzunguka na kurudi kutazama mistari tuliyoichora mchana.

Mtume Yohane naye, katika sura ya nne ya barua yake ya kwanza, anawaonya Wakristo wasiipokee kila roho bila kuichunguza. Kumbe kuchunguza si ukosefu wa imani, bali ni kazi ya imani.

Kugusa si kukaa

Sasa niseme kwa uwazi, kwa sababu najua baadhi yenu mmekwisha kuwaza mahali ambapo mimi sijafika. Vijana wawili wanaotaka kufunga ndoa waweza kuniambia: “Baba, ndicho tunachofanya sisi. Tunakaa pamoja kwanza, tuone kama barafu ni imara.”

Hapana, wanangu. Rubani anayejaribu barafu bado anaruka. Injini yake inavuta, uzito wake uko juu ya mabawa, na uhuru wa kuondoka anao kamili. Anayekaa kinyumba amekwisha kuzima injini. Ameweka uzito wake wote juu ya barafu asiyoipima: mwili, nyumba, fedha, na mara nyingi mtoto aliye njiani. Hayo si majaribio; huko ni kutua bila kupima, kisha kukuita kupima. Na mnajua wenyewe jinsi uchumba sugu unavyoganda. Mwaka wa kwanza, wa tatu, wa saba. Skii zimeshikwa, hakuna anayeweza kuondoka, na hakuna anayethubutu kuja altareni.

Kugusa katika uchumba ni jambo jingine. Ni kuzungumza mapema juu ya fedha, na kisha kutazama: aliniambia kweli? Ni kumpeleka kwa wazazi na kutazama namna alivyoongea na mama jikoni, si sebuleni tu. Ni kutofautiana naye juu ya jambo zito na kuona siku tatu baadaye kimebaki nini, upatanisho au kisasi. Ni kukubali matangazo ya ndoa yasomwe Dominika tatu bila kunung’unika, kwa kuwa hayo nayo ni matawi ambayo Kanisa linayadondosha juu ya weupe ili sote tuone nchi iko wapi. Kipindi cha mafundisho ya ndoa hakikuwekwa ili kuwachelewesha wapendanao. Kimewekwa ili wazunguke mara moja zaidi.

Mbinu ni hiyo hiyo katika mambo mengine. Mama mmoja anaombwa na jirani amdhamini katika mkopo. Binti anaahidiwa kazi ya ndani nchi ya mbali, na wakala anataka pasipoti yake leo. Kijana anavutwa na kikundi cha sala kinachomtaka aache jumuiya yake ndogondogo na familia yake. Kwa uso, yote ni meupe: jirani ni mwema, mshahara ni mkubwa, nyimbo ni tamu. Nawasihi: guseni, inukeni, tazameni nyuma. Jirani yule alirudisha deni dogo la mwaka jana? Wakala yule, ukimwomba siku mbili na mkataba ukausome na baba yako, sura yake inabakije? Baada ya sala zile, unarudi nyumbani ukiwa mpole zaidi kwa wadogo zako, au mkali zaidi? Mtu au jambo lisilokupa nafasi ya kuzunguka mara moja zaidi limekwisha kukupa jibu.

Wala asijipime mtu peke yake. Katika weupe ule, macho mazuri hayasaidii. Anayeona vizuri kuliko wote hudanganyika sawa na wengine, kwa kuwa hakuna kivuli. Anahitaji kitu kutoka nje yake: Neno la Mungu, kitubio, shauri la wazazi, la msimamizi wa ndoa, la mzee wa jumuiya. Hayo ni matawi meusi, hayapendezi kama theluji, lakini ndiyo yanayotuonyesha kimo chetu.

Lakini yuko mwenye kosa la upande mwingine. Huyu huzunguka tu. Amesali novena juu ya novena, ameshauriana na mapadre wanne, na bado yuko juu angani. Mafuta yana kikomo, na jua la kaskazini huzama mapema. Chini kuna mgonjwa anayengoja. Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya kumi na nne, alimsifia mtu anayekaa kwanza na kuhesabu gharama za mnara. Lakini hakumsifia aliyehesabu maisha yake yote asijenge. Alama zikiwa kavu, tua.

Na aliyekwisha kuzama?

Najua kwamba kati yenu wanaosoma haya, wapo ambao shauri hili linawafikia wakiwa wamechelewa. Mmekwisha kutua, na maji yamepanda. Sitaki muufunge ukurasa huu mkiwa na huzuni tu.

Mwezi wa Mei mwaka 1937 rubani Bob Reeve, hodari wa kutua juu ya barafuto za Alaska, alipeleka mizigo ya wapanda mlima juu ya barafuto ya Walsh, huko Yukon, Kanada. Barafuto ilimbeba vizuri. Mwezi wa Juni alirudi mahali hapo hapo, akiwaleta Bradford Washburn na Robert Bates. Safari hii joto lisilo la kawaida lilikuwa limeilowesha theluji, na ndege ikazama katika rojo. Mahali palikuwa pale pale, rubani ni yule yule. Majira ndiyo yaliyokuwa yamebadilika. Sifa za jana hazikuipima barafu ya leo.

Reeve alikaa siku kadhaa. Alijaribu kuruka akashindwa, akajaribu tena. Mwishowe aliiondolea ndege kila kitu kisichokuwa cha lazima, akafaulu kuruka, akaenda asirudi tena. Washburn na Bates walibaki wawili, bila tumaini la ndege ya kuwachukua. Hawakukaa chini kulaumiana. Waliacha sehemu kubwa ya vifaa vyao, wakapanda mlima Lucania wenye zaidi ya mita 5,200, ambao hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuufikia kilele, kisha wakavuka mlima Steele na kutembea zaidi ya kilomita 150 kwa miguu, wakivuka mito iliyofurika, hata wakafika Burwash Landing, mahali penye watu.

Katika habari hii naona njia mbili za wokovu kwa aliyezama. Moja ni ya Reeve: punguza mzigo, na usikate tamaa kwa jaribio la kwanza. Mzigo huo kwa wengi ni kiburi, ni siri isiyosemwa kwa mwenzi, ni deni linalofichwa. Ungama, mwambie mtu, ondoa uzito. Nyingine ni ya Washburn na Bates: pale ambapo njia ya kurudi imefungwa, njia ya mbele bado ipo, ingawa ni ndefu na ni ya miguu. Wako wanandoa katika parokia hii walioanza juu ya rojo, na leo, baada ya miaka ishirini ya kutembea wawili wawili, wanawashika mkono vijana wanaoanza. Hawakuokolewa na ndege. Waliokolewa kwa sababu hawakuachana njiani.

Ndugu wapendwa, juma hili nawapeni zoezi moja. Kila jioni, kabla ya kulala, chukueni dakika tano. Jiwekeni mbele ya Mungu, mshukuruni, kisha mtazame nyuma na kuuliza: neno lile nililolisema asubuhi limeacha alama gani? Ahadi ile, ujumbe ule wa simu, urafiki ule mpya, umebaki mweupe au unageuka kijivu? Msijihukumu kwa haraka. Tazameni tu, kwa ukweli, pamoja na Bwana. Na mkiona maji yanapanda, ondokeni mapema, wakati injini ingali inavuta.

Tuombe: Ee Bwana, wewe uliyetembea juu ya maji, na ukamshika mkono Petro alipoanza kuzama, tujalie busara ya kupima, moyo wa kutua, na unyenyekevu wa kutazama nyuma. Uwalinde marubani wote wanaobeba wagonjwa na watumishi wako katika nchi za baridi. Uwapumzishe kwa amani waliokufa katika kazi hiyo. Nasi utufikishe salama katika uwanja wa nyumbani kwako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakieni Dominika njema na juma lenye baraka.

Paroko wenu